Kitabu Kilichotangulia Chombo: Uandishi wa Adam Osborne Ukipimwa kwa Kipimo cha Mbozi

Wahakiki wa Kiswahili hawana desturi ya kukipa kitabu cha maelekezo heshima ya kuhakikiwa. Shairi hupimwa kwa vina na mizani, riwaya kwa watu wake, tamthilia kwa nguvu ya maneno yake jukwaani. Lakini kitabu kimwelezacho mtu namna ya kukifahamu chombo na kukitumikisha husomwa kwa haja tu, kisha husahauliwa kabatini. Hudhaniwa kuwa kitabu cha namna hiyo hakina mwandishi, kana kwamba maneno yake yalitoka kiwandani pamoja na chombo chenyewe. Dhana hiyo si ya haki, na madhara yake ni makubwa kuliko yaonekanavyo. Taifa lisilowahesabu waandishi wa vitabu hivyo miongoni mwa waandishi wake haliwapati. Na lisipowapata, kila chombo kigeni kiingiacho nchini huja na bwana wake wa kukisemea.

Katika historia fupi ya kompyuta yuko mtu mmoja ambaye maisha yake yanafaa kulichungulia jambo hili. Naye ni Adam Osborne, Mwingereza aliyezaliwa Bangkok tarehe 6 Machi 1939, akafa Kodaikanal katika India ya Kusini tarehe 18 Machi 2003. Wengi wamjuao humjua kwa kampuni yake iliyoanguka mwaka 1983, na hulisimulia anguko lile kama hadithi ya kuwaonya wafanya biashara. Wachache humkumbuka kwa kazi yake ya kwanza, yaani kuandika vitabu na kuwashauri wenye viwanda katika siku ambazo kompyuta ndogo ilikuwa bado haijapata jina lililotulia. Hao wachache ndio walioushika ukweli kwa upande wake wa haki.

Kipimo cha kumpimia hapa si cha California alikofanyia kazi. Ni cha mahali palipo mbali nako mno: Mbozi Misioni, katika nchi ya milima na kahawa ya Unyiha, kati ya Mbeya na mpaka wa Tunduma. Msomaji asidhani kuwa mahali hapo pamechaguliwa kwa mzaha. Wanyiha walikuwa wahunzi mashuhuri kabla ya kuja kwa wageni. Waliyeyusha chuma katika tanuri refu la udongo, lililovuta upepo kwa urefu wake pasipo mivukuto, kisha wakakisafisha katika tanuri dogo. Elimu hiyo ilikuwa na nguvu, walakini ilikuwa elimu ya mkono kwa mkono: ilizungushiwa miiko na dawa, ikarithiwa na wachache, na majembe ya bei nafuu yalipoingia kutoka ng'ambo, matanuri yakapoa, na sehemu kubwa ya elimu ile ikapoa nayo. Yaliyosalia katika maandishi yaliandikwa na wataalamu wageni waliokuja kuwauliza wazee wakati kazi yenyewe ilikwisha kukoma. Hapana ajabu basi kwamba nchi hiyo hiyo, ambamo kimondo cha chuma chenye uzito wa takriban tani 16 kimelala Ndolezi tangu zama zisizojulikana, ni nchi iwezayo kufahamu upesi tofauti iliyopo kati ya kuwa na chuma na kuwa na maelezo yake.

Kisha, mwaka 1899, Wamoravian wakaanzisha misioni pale Mbozi kwa mkono wa Traugott Bachmann. Huyu alikiandika Kinyiha mahali ambapo hapakuwa na msomaji hata mmoja wa Kinyiha. Agano Jipya la lugha hiyo likatoka mwaka 1913. Ilimlazimu, kwa hiyo, kukitunga kitabu na kumfundisha msomaji wake kwa wakati mmoja, kama fundi ajengaye daraja huku akiwa amesimama juu yake. Kanisa lake lilikuwa na urithi katika kazi ya namna hiyo. Jan Amos Comenius, askofu wa Umoja wa Ndugu wa zamani, ndiye aliyetoa mjini Nuremberg mwaka 1658 kitabu cha picha kiitwacho Orbis Pictus, ambamo kila kilichochorwa kilipewa namba, na namba ile ikarudiwa katika maneno yaliyo kando, ili mtoto asipotee njiani kati ya kitu na jina lake. Mtu akitaka kujua kama kitabu cha maelekezo chaweza kuwa na mwandishi wa kweli, na akumbuke Comenius kwanza, ndipo aje kwa Osborne.

Baba yake Osborne, Arthur Osborne, alikuwa mwandishi naye. Alikuwa mfuasi wa Ramana Maharshi, mtawa mashuhuri wa Tiruvannamalai, akaandika vitabu vya kuwafafanulia wasomaji wa Kiingereza mafundisho yake. Mama alikuwa Mpolandi. Mtoto akakulia India, akapelekwa Uingereza mwaka 1950 akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, akapata shahada yake Birmingham mwaka 1961, kisha shahada ya udaktari katika uhandisi wa kemia Delaware, Marekani, mwaka 1968. Waliosimulia maisha yake hupita haraka juu ya nyumba ile ya utoto, wakikimbilia kwenye mashine. Yafaa kukaa kidogo. Nyumbani mwao mlikuwa na mtu ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kuwaeleza wageni kitu wasichokiona kwa macho, kwa maneno ambayo hayakutungwa kwa ajili ya kitu hicho. Mwana hakuifuata imani ya baba kwa kalamu yake. Lakini kazi aliyoirithi ni ile ile.

Alifanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell, akaiacha mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaanza kuuza huduma ya kuandika. Wakati ule kampuni zilizotengeneza vijiwe vya umeme vya kompyuta zilikuwa na hazina kubwa na ulimi mzito. Kijiwe cha Intel kiitwacho 8080 kilitoka mwaka 1974; mwanzoni mwa mwaka 1975 ikatangazwa Altair 8800, kompyuta ambayo mtu aliweza kuinunua kwa vipande na kuiunga mwenyewe nyumbani. Karatasi zilizofuatana na vijiwe hivyo ziliandikwa na wahandisi kwa wahandisi, na zilimdhania msomaji kuwa amekwisha kujua nusu ya yale aliyokuja kuyauliza. Osborne alikodishwa kuandika maelezo mepesi zaidi, na hatimaye akaona kuwa maelezo yale yangeweza kuwa kitabu kisicho cha kampuni yo yote. Akaandika An Introduction to Microcomputers, yaani utangulizi wa kompyuta ndogo. Mchapishaji aliyepelekewa akakataa. Mwandishi akakichapisha mwenyewe mwaka 1975, akakipeleka kwa wapenzi wa kompyuta waliokusanyika katika chama chao cha Homebrew huko California, wakakinunua. Ndipo kampuni ya IMSAI, iliyouza kompyuta ya kushindana na Altair, ikaamua kutia nakala moja katika kila mashine iliyoiuza.

Jambo hili la mwisho linastahili kutazamwa vyema. Chombo kilitoka kiwandani kikiwa na kitabu ambacho si cha kiwanda. Mnunuzi alipofungua sanduku alikutana na sauti mbili: ya mashine, iliyonyamaza, na ya mtu wa nje aliyekuwa huru kusema kuwa sehemu fulani za vyombo vya namna hiyo ni nzuri na nyingine ni hafifu. Uhuru huo ndio ulioufanya uandishi wake kuwa uandishi. Katika juzuu ya pili, ambayo inavieleza vijiwe vya kweli vilivyokuwa sokoni, kila kimoja hupewa sura yake na hukumu yake, kama mhakiki atoavyo hukumu ya diwani. Safu zake za magazetini za miaka iliyofuata ziliendelea na tabia hiyo hiyo, kwanza katika Interface Age, kisha katika InfoWorld. Wenye viwanda waliusoma ulimi wake kwa hofu. Pengine alipita kiasi, maana ukali ulimpendeza kuliko haja ya ukali. Hata hivyo mshauri asiyeweza kumwudhi amlipaye si mshauri, ni tarumbeta.

Umbo la vitabu vile nalo lina mengi ya kusemwa. Ukurasa wake una aina mbili za herufi, nene na nyembamba. Herufi nene hubeba uti wa mgongo wa maelezo; nyembamba hubeba nyama yake. Msomaji huambiwa mapema kuwa akilifahamu jambo lililotajwa katika herufi nene, na aruke nyembamba aendelee. Pembeni mwa ukurasa yamo maneno ya istilahi yaliyofungwa katika visanduku, ili arudiapo kutafuta asilazimike kusoma upya. Msomaji wa Pwani ataitambua hekima hii mara moja, kwa kuwa vitabu vya vyuoni vimekuwa hivyo kwa karne nyingi: matini mahali pake, sherehe mahali pake, na hashiya pembezoni, kila mwanafunzi akichukua kwa kadiri ya darasa lake. Hapana dalili kwamba Osborne aliijua desturi hiyo. Aliifikia kwa njia yake mwenyewe, kwa sababu tatizo ni lile lile: kitabu kimoja, wasomaji wa vyeo mbalimbali, na mwalimu hayupo.

Lililo zuri zaidi ni jambo la namba. Kitabu chake cha kwanza kilipogawanywa kuwa juzuu, kulikuwa na Juzuu 1 juu ya misingi na Juzuu 2 juu ya vijiwe vyenyewe. Baadaye kikatoka kingine kwa ajili ya waanzao kabisa, nacho kikaitwa Juzuu 0. Wengine watasema kuwa huo ni utani wa watu wa kompyuta, ambao huanza kuhesabu kwa sifuri. Na utani umo. Lakini mwenye kutazama tarehe ataona kuwa Juzuu 0 iliandikwa baada ya Juzuu 1. Maana yake ni kwamba mwandishi, baada ya kuandika alichokidhani kuwa mwanzo, aligundua kuwa wako wasomaji waliosimama nyuma ya mwanzo wake. Badala ya kuwalaumu kwa kuchelewa, alirudi nyuma akawaandikia. Ni waandishi wangapi wa elimu yo yote walio tayari kukiri, kwa namba iliyopigwa chapa katika jalada, kuwa mwanzo wao haukuwa mwanzo? Bachmann angalimwelewa. Kwa mtu aliyekaa Mbozi akitafuta neno la Kinyiha la jambo ambalo Mnyiha hakuwa amelihitaji bado, kila juzuu ilikuwa Juzuu 0.

Kasoro zake ni wazi. Osborne huandika kwa haraka ya mtu aonaye kuwa treni inaondoka. Mara nyingi sentensi yake hufika kabla ya fikira yake kukamilika. Msomaji amwazaye ni mtu mmoja aliyeketi peke yake, mwenye fedha za kununulia, umeme wa kuwashia na Kiingereza cha kusomea. Hamwazii kamwe darasa la watu arobaini wenye chombo kimoja, wala karani anayekitumia chombo ambacho hakukichagua. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya kazi yake imekufa pamoja na vijiwe ilivyovieleza. Hilo la mwisho hutajwa na wale wasemao kuwa kitabu cha maelekezo hakiwezi kuwa fasihi, kwa kuwa huisha kama mshumaa. Hoja hiyo haina uzito mwingi kama wanavyodhani. Kazi nyingi alizozichora Comenius nazo zimebadilika au kutoweka, na bado njia ya kukiunganisha kitu na jina lake kwa namba imedumu katika vitabu vya shule mpaka leo. Katika Osborne pia, kilichokufa ni habari za 8080; maelezo ya jinsi hesabu yote inavyoweza kuendeshwa kwa tarakimu mbili tu, sifuri na moja, bado yanaweza kumfaa mwanafunzi wa leo bila kubadilishwa sana.

Kampuni yake ya vitabu ilikua, ikatoa vya waandishi wengine pia, kama vile vitabu vya Lance Leventhal juu ya lugha za mashine, na kile cha Lon Poole na Mary Borchers kilichokusanya programu fupi za kawaida. Zilitolewa hata programu za mishahara na za daftari za hesabu zilizochapwa nzima nzima katika kurasa, ili mnunuzi azinakili kwa mkono wake katika mashine yake. Mwaka 1979 kampuni hiyo ikauzwa kwa McGraw-Hill, na jina la Osborne likaendelea kukaa katika majalada kwa miaka mingi baada ya mwenyewe kuondoka.

Sasa na itazamwe Tanzania ya miaka hiyo hiyo. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, mwaka mmoja kabla ya kitabu cha Osborne, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Sababu zilizotajwa zilikuwa za maana: fedha nyingi za kigeni, hesabu za Hazina zilizovurugika, na kuwategemea mno wataalamu wa kutoka nje. Marufuku ile imechekwa sana na watu wa baadaye, ambao huisimulia kana kwamba ilikuwa hofu ya washamba mbele ya mashine. Kicheko hicho kinakosa shabaha. Ile ya tatu miongoni mwa sababu zile ni sababu ya kifasihi, ijapokuwa hakuna aliyeiita hivyo. Mashine iliingia Hazina pasipo mtu wa nje ya kiwanda aliyeisemea kwa karani katika lugha yake. Palikuwa na karatasi za kiwanda na palikuwa na mtaalamu mgeni. Kati ya viwili hivyo hapakuwa na kitabu. Karani alibakia na hali ile ile ya kijana wa Unyiha asiye wa ukoo wa wahunzi: chuma anakiona, moto anauona, lakini mlango wa tanuri umefungwa kwa miiko ya wengine.

Wakati huo huo reli ya TAZARA ilikuwa inapita katika nchi hiyo ya Mbozi kuelekea Tunduma na Zambia. Njia yake ilikamilika mwaka 1975 na kukabidhiwa mwaka 1976. Mitambo ile haikuwa myepesi kuliko kompyuta. Ilifundishwa hata hivyo, na Watanzania wakaiendesha, kwa kuwa mafunzo yaliwekwa kuwa sehemu ya kazi. Haifai kuvuta mfano huu mbali mno, maana reli huonekana na hesabu ndani ya mashine haionekani. Lakini unatosha kuonyesha kuwa kilichokosekana Hazina hakikuwa akili.

Rudi kwa Osborne. Mwaka 1981 mwandishi akageuka kuwa mwenye kiwanda. Kompyuta yake, Osborne 1, iliyosanifiwa na Lee Felsenstein, ilikuwa ya kwanza ya kubebeka kupata soko kubwa. Ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, kioo cha inchi 5, na bei ya dola 1,795. Ndani ya bei hiyo zilikuwamo programu za kuandikia na za hesabu ambazo peke yake zingegharimu karibu kiasi hicho. Hilo nalo ni wazo la mwandishi wa vitabu: kwamba chombo kisiuzwe kikiwa bubu. Imani yake ilikuwa kwamba kinachotosha kinatosha, na zaidi ya hapo ni mapambo. Kwa muda ilionekana kuwa amesema kweli. Katika kilele chake kampuni iliuza mashine elfu kumi kwa mwezi. Tarehe 13 Septemba 1983 ikaomba ulinzi wa sheria ya kufilisika.

Anguko hilo limepewa jina lake. Yasemekana kuwa alitangaza mashine mpya kabla haijawa tayari, na watu wakaacha kununua ile ya zamani wakingoja mpya. Waliochunguza zaidi wameonyesha kuwa yalikuwapo mengine: washindani kama Kaypro, nguvu ya IBM, na gharama za kampuni iliyokua kuliko uwezo wa kuitawala. Bila shaka wana hoja. Lakini hata hadithi ya kawaida ikikubaliwa, imefasiriwa vibaya. Wafanya biashara huiona kuwa ni ujinga wa kibiashara. Kwa kweli ilikuwa tabia ya mwandishi iliyohamia mahali pasipo pake. Mwandishi wa juzuu hutangaza juzuu ijayo, na hapotezi kitu. Msomaji wa Juzuu 1 asikiapo kuwa Juzuu 2 inakuja, huinunua ya kwanza kwa haraka zaidi ili awe tayari. Kitabu cha pili hakiui cha kwanza. Chombo cha pili huua cha kwanza. Osborne alikaa miaka mingi katika dunia ambamo kukisema kitu kabla hakijafika ni huduma kwa watu, kisha akavuka kwenda katika dunia ambamo kufanya hivyo ni hasara, na hakubadili mwendo.

Mwenyewe aliyaandika mambo hayo mwaka 1984 katika Hypergrowth, akishirikiana na John Dvorak. Kitabu hicho kina manufaa kwa mwanahistoria, lakini kama kazi ya kalamu ni hafifu kuliko vyote vilivyotangulia. Yule aliyekuwa mwepesi wa kuzihukumu mashine za watu amekuwa mzito alipofika kwenye yake. Hapa kipimo cha Mbozi hakimpendelei. Bachmann naye aliacha masimulizi ya maisha yake, yaliyochapwa baada ya kufa kwake, na jina alilopewa kitabu lina maana kuwa aliwakwaza wengi. Humo mzee hukiri jinsi alivyowahukumu Wanyiha kabla ya kuwaelewa, na jinsi desturi alizozipinga zilivyomlazimisha baadaye kujifikiria upya. Yule aliyefundisha kwa kutokuelewa, akaelewa, akaandika kutokuelewa kwake, ni mwandishi aliyekomaa. Osborne katika Juzuu 0 alikuwa amefika mlango huo. Katika Hypergrowth akarudi nyuma.

Ipo sura moja zaidi, ambayo wahakiki wa fasihi wangepaswa kuijali kuliko wanasheria. Mwaka 1984 Osborne alianzisha kampuni ya kuuza programu kwa bei ya chini, iitwayo Paperback Software. Jina lenyewe lilitoka katika vitabu vya jalada laini, akitaka programu iuzwe kama kitabu, kwa bei ya mtu wa kawaida. Programu yake moja ya hesabu, VP-Planner, ilitumia orodha ya amri iliyofanana na ile ya Lotus 1-2-3, ili aliyekwisha jifunza moja asisumbuke kwa nyingine. Lotus ikashitaki mwaka 1987. Mwaka 1990 Jaji Keeton wa mahakama ya Massachusetts aliamua kuwa ile orodha ya maneno, kwa uteuzi wake na mpangilio wake, ilikuwa utungo wenye kulindwa na haki ya mtungaji. Kampuni ya Osborne haikuinuka tena. Miaka mitano baadaye, katika kesi ya Lotus na Borland, mahakama ya rufani ilisema kinyume: maneno yale ni njia ya kukiendesha chombo, na njia haina mwenyewe. Mwaka 1996 Mahakama Kuu ya Marekani ikagawanyika nusu kwa nusu, uamuzi wa rufani ukabaki.

Basi mahakama za nchi kubwa zilishindana miaka kadhaa juu ya swali ambalo wahakiki hawakulifikiria kuwa swali: je, maneno machache yaliyopangwa ili mtu akiamuru chombo ni utungo, au ni mpini wa jembe? Osborne, aliyeanza kwa kuyapa maneno hayo heshima ya kitabu, alijikuta akishitakiwa kuwa mwizi wa maneno kwa sababu alitaka yawe mali ya watu wote. Katika ugomvi huo huenda alikuwa na haki kwa msomaji na kosa kwa mtungaji kwa wakati mmoja.

Alirudi India mwaka 1992 akiwa mgonjwa wa maradhi ya ubongo, na hakuandika tena kitabu cha kufanana na vile vya kwanza. Mwaka mmoja baada ya kufa kwake, 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa kwa Kiswahili programu huria ya kazi za ofisi, iliyoitwa Jambo OpenOffice. Waliokaa kuchagua maneno yake walikuwa katika kazi ile ile ya Bachmann na ya Osborne: kompyuta au tarakilishi au ngamizi, lipi litakubaliwa na mkono wa mtumiaji kabla ya kukubaliwa na kamati?

Leo, kandokando ya barabara kuu iendayo Tunduma, kuanzia Mlowo hadi Vwawa na kuendelea hadi mpakani, vimejaa vibanda vya kutumia fedha kwa simu. Mkulima wa kahawa aliyeshuka kutoka upande wa Misioni husimama kibandani, hubonyeza namba, na katika kioo kidogo hutokea orodha ya Kiswahili: kutuma pesa, kutoa pesa, kisha namba ya siri. Orodha hiyo ni fupi kuliko shairi, na husomwa na watu wengi kwa siku moja kuliko wasomao riwaya kwa mwaka. Ina uteuzi wa maneno, ina mpangilio, ina sentensi zilizopunguzwa mpaka zikatosha. Kosa moja ndani yake humpotezea mtu mauzo ya msimu. Aliyeitunga hakutajwa po pote katika kioo, na mkulima, akiisha kuisoma, hurudisha simu mfukoni na kuanza kupanda kilima.